Vipande Mia Nne na Kumi na Viwili

Filamu ni ya dakika arobaini na moja.
Kalunde Kapela anashusha mzinga kutoka kwenye mninga,
bomba la moshi mkononi, kanga imezungushwa kichwani,
akieleza kwa Kinyamwezi, kisha kwa Kiswahili,
sega lipi la kukata na lipi ni la kuwaachia wenyewe.
Mimi nilishika kamera. Niliumwa mara sita.

Tulipomaliza nikampa karatasi na kalamu.
Hakuandika mengi:
Gawa. Usiuze. Jina langu usilifute.
Akatia sahihi kabla ya kunawa.
Karatasi ina doa la asali mpaka leo.

Ofisi ya ushirika wetu, hapa Sikonge,
ina kompyuta moja, feni yake inalia kama mbuzi,
na bando ambalo mweka hazina hulipima kwa kibaba.
Kuituma filamu nzima kwa vikundi kumi na tisa, mara kumi na tisa?
Tungeuza mizinga.

Basi nikaikata. Programu ndiyo iliyokata, mimi nilibofya tu:
vipande mia nne na kumi na viwili.
Cha tatu kikaenda Kaliua,
cha tisini Urambo, cha kumi na moja Ipole,
na Kaliua, kabla hajashiba, akaanza kumpakulia Urambo.
Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Nikakaa nikijilaumu,
kumbe giza langu halikuwa lao:
walikuwa navyo vyote, kila mtu na vyake, wakigawana.
Asubuhi Nkwabi wa Kaliua akapiga simu:
"Imekamilika. Nani alimalizia?"
Sikuwa mimi.

Shemeji yangu, karani wa mahakama, akaguna:
"Hiyo si ndiyo njia ya wezi wa filamu?"
Ndiyo, shemeji. Wanapita humo.
Barabara ya Ipole nayo hupitisha magogo ya wizi usiku,
na usiku uleule hupitisha mkunga.
Hakimu humuuliza dereva amebeba nini,
haiulizi lami.

Lakini nisijitie utakatifu.
Wiki ile ya kwanza nilifungua folda isiyohusika,
na kwa siku tatu mtu yeyote, wa popote,
angeweza kusoma mkataba wangu wa mkopo
na kadi ya kliniki ya mwanangu, uzito wake, chanjo zake.
Labda hakuna aliyesoma.
Hilo "labda" ndilo linaloninyima usingizi.
Siku hizi folda iliyo wazi ni moja tu, nimeiita Baraza.
Vya chumbani vibaki chumbani.

Na Shija, kijana wetu wa mizani,
alitaka sinema mpya, ya bure, kabla haijafika sokoni.
Ilikuja ndogo mno kwa sinema, na jina lake lina mkia wa programu.
Akaibofya.
Miaka miwili ya asali, kilo kwa kilo, jina kwa jina,
ikatiwa kufuli na mtu tusiyemjua, anayetaka dola.
Tuliiandika upya kutoka kwenye madaftari ya warina asali.
Si yote.

Tangu hapo faili likifika tunapigiana simu,
mimi na Nkwabi, tunasoma alama yake ya kidole:
"Saba, be, nne, nne, efu..."
"Rudia."
"Efu, kama ya fisi."
Tarakimu na herufi sitini na nne, polepole,
kama watu wanaohesabu mahari.
Ikipishana hata moja, tunafuta.

Jana nilimweleza Kalunde filamu yake iko wapi:
iko kwangu, iko Kaliua, iko Kibondo kwa watu nisiowajua,
kila mmoja anayo yote na anammegea mwenzake.
Nikasema, nikijiona mjanja, "Kama nyuki, mama."
Akanitazama.
"Nyuki haliombi ua ruhusa," akasema. "Wewe uliniomba."
Kisha akauliza kama jina lake bado lipo.
Nikamwonyesha. Akalifuata kwa kidole, herufi kwa herufi,
akaacha utelezi kidogo kwenye kioo,
akarudi kwenye moshi wake.